Finalisti na karatasi zake: majibu kwa wasomaji wanaoomba chuo na bursi

Tangu shule zifunguliwe tumepokea barua nyingi za wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na wazazi wao. Tumechagua nane. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mitego mingi, mengine yanatosha mistari michache. Kosa moja linajirudia karibu katika barua zote, kwa hiyo tuliseme mapema: watu wanasubiri diploma itoke ndipo waanze kutafuta chuo na bursi. Kwa chuo cha hapa Lubumbashi unaweza kusubiri matokeo. Kwa chuo cha nje, anayesubiri matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, amekwisha kupoteza mwaka.

Nianze lini?

*Jambo wahariri. Mimi ni finalisti wa Kemia-Biolojia, naishi Katuba. Prefe wetu (mkuu wa shule) anasema tuweke akili kwenye Exetat kwanza, mambo ya chuo yatafuata. Kaka yangu anasema vyuo vya nje hufunga maombi mwezi wa kwanza. Nimsikilize nani?*

Msikilize prefe kama unataka UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au taasisi nyingine ya hapa mjini. Msikilize kaka yako kama unataka kwenda nje. Kalenda hizi mbili hazipatani, na ndiyo sababu wanafunzi wazuri sana wanaachwa nyuma.

Tazama tarehe zinavyofuatana. Common App, fomu ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyake vya Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema hufungwa mara nyingi tarehe 1 au 15 Novemba, na ya kawaida, kwa vyuo vingi, katika siku za kwanza za Januari. Bursi ya serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, hupokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari. Vyuo vya Marekani hujibu kufikia mwisho wa Machi, na aliyepokelewa huwa na muda hadi 1 Mei kusema anakwenda wapi. Muda wote huo wewe bado hujaandika Exetat.

Maana yake ni kwamba kamati ya chuo cha nje itakupima kwa buletini zako za miaka iliyopita, si kwa diploma ambayo huna. Buletini ndiyo mali yako ya kwanza. Nenda ofisini kwa prefe wiki hii ukaulize buletini zako zote za humanite (sekondari ya juu), zikiwa na saini na muhuri wa shule. Kama moja ilipotea, shule inaweza kukuandikia nakala kutoka kwenye daftari la pointi, lakini hilo huchukua muda. Kama shule inazishikilia kwa ajili ya deni la minervali (karo ya shule), mzazi aende sasa kupatana juu ya deni hilo; asisubiri Desemba, wakati ofisi zinafungwa kwa Noeli.

Ukizipata, tia nakala muhuri wa komini (ofisi ya manispaa), kisha piga skani ya rangi, ukurasa mzima, pembe zote nne zionekane, katika faili moja ya PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hurudishwa. Mwezi wa pili, matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, yatume pia kwa vyuo ulivyoomba, kwa kuwa vingi huyadai. Na baada ya Exetat, omba hati ya kufaulu mara moja. Diploma yenyewe inaweza kukawia miaka, na hati hiyo ndiyo itakayosimama badala yake.

Mtoto yuko Marekani, mzazi yuko Ruashi

*Mwanangu alitoka kambi ya Meheba, Zambia, pamoja na baba mdogo wake, wakapelekwa Marekani kama wakimbizi. Baba yake mzazi alifariki. Mimi nilirudi Lubumbashi, nauza makala (makaa ya kupikia). Sasa mtoto yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na shule inamwambia ajaze fomu ya FAFSA na aweke mapato ya mzazi. Baba mdogo anaogopa kujiandika. Mimi sina karatasi yoyote ya mapato. Tufanye nini?*

Mama, shemeji yako amefanya vyema kusita, maana si yeye anayeulizwa.

FAFSA ni fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Iko wazi kwa raia, kwa wenye ukaazi wa kudumu, na kwa waliopewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Mwanao anaingia humo. (Wasomaji waliotuuliza kama wanaweza kuijaza wakiwa hapa na kuondoka kwa viza ya masomo: hapana, msipoteze muda wenu.)

Kwa fomu hii mzazi ni aliyemzaa mtoto au aliyemwasili kisheria. Kwetu baba mdogo ni baba, na hakuna anayemwomba ushahidi. FAFSA haimhesabu, hata kama amemlisha na kumlaza mtoto kwa miaka kumi. Mwanao akimwandika kama baba, yatatokea mabaya mawili: mshahara wa baba mdogo utahesabiwa kuwa wa familia na msaada utapungua, na mtoto atakuwa ametia saini maneno yasiyo ya kweli kwenye fomu ya serikali. Kwa kuwa baba yake alifariki, mzazi wa kuandikwa ni wewe peke yako.

Hilo ni jambo jema kwenu. Fomu hutoa hesabu ya kile ambacho familia inaweza kuchangia, na hesabu hiyo inaweza kushuka hadi chini ya sifuri, mpaka −1,500. Kwa mapato ya muuza makala ni kawaida kupata Pell kamili, yaani zawadi ya serikali isiyorudishwa. Kwa mwaka wa masomo 2025–2026 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, kwa anayesoma muda wote.

Kazi inakwenda hivi. Mtoto anafungua akaunti yake kwenye StudentAid.gov, akiandika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yake ya Social Security. Wengi waliotoka kambini wana jina moja kwenye kadi hiyo na jingine shuleni, au walipewa 1 Januari kuwa tarehe ya kuzaliwa. Aandike ile iliyo kwenye karatasi za serikali, si ile anayoijua moyoni. Anachagua kwamba si raia lakini anastahili, anaweka namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A, na anahifadhi nakala ya I-94, karatasi ya kuingia nchini inayoonyesha aliingia kama mkimbizi, kwa sababu ofisi ya chuo inaweza kuidai.

Kisha anakualika wewe. Mwaliko unakuja kwa barua pepe, kwa hiyo unahitaji anwani yako mwenyewe unayoweza kuifungua Ruashi. Isiwe ya baba mdogo, wala ya kijana wa sekretaria ya fotokopi. Tangu fomu ya 2026–2027, ili kukualika mtoto anaandika barua pepe yako tu, kwa hiyo aiandike bila kosa. Herufi moja ikipotea, mwaliko haukufikii. Ukifungua akaunti, onyesha kwamba huna namba ya Social Security. Halafu utaombwa ridhaa ya kuangalia mambo ya kodi. Toa ridhaa hiyo, hata kama hujawahi kulipa kodi Marekani, kwa sababu bila ridhaa hesabu ya msaada haifanyiki.

Mapato yanayoulizwa ni ya miaka miwili nyuma: kwa masomo ya 2026–2027 ni mapato ya 2024. Chukua daftari, andika uliuza magunia mangapi kwa mwezi, ulinunua kwa bei gani na kuuza kwa bei gani, toa usafiri na ushuru wa soko, kisha badili faida ya mwaka kuwa dola. Hifadhi ukurasa huo. Chuo kikiamua kuhakiki, kitataka maelezo yenye saini, na ukurasa huo utakuwa jibu lako.

Akaunti ikikataa kabisa, ipo fomu ya karatasi ambayo mzazi anatia saini kwa mkono, lakini njia hiyo huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo anzeni pale fomu inapofunguliwa, kwa kawaida 1 Oktoba. Mtasikia kwamba mwisho ni 30 Juni, mwishoni mwa mwaka wa masomo wenyewe. Hiyo ni tarehe ya serikali kuu. Majimbo na vyuo vina tarehe zao za mapema zaidi, kama California, ambako mwisho wa kuomba Cal Grant, zawadi ya jimbo hilo, huwa 2 Machi, na anayechelewa anaweza kukosa.

Mwulizeni pia baba mdogo kama mahakama ya huko iliwahi kumpa karatasi ya ulezi wa kisheria. Ikiwa ipo, mtoto huhesabiwa kuwa anajitegemea na mapato yako hayaulizwi. Barua aliyoandika tu ili mtoto aandikishwe shule haihesabiki. Kuna pia swali kuhusu mazingira yasiyo ya kawaida, kwa mkimbizi asiyejua wazazi wake wako wapi au asiyeweza kuwasiliana nao bila hatari. Mwanao anaongea nawe kwa simu, kwa hiyo asilijibu ndiyo.

Mwisho, barua ya chuo itakapokuja ikiwa na jumla kubwa, msishangilie jumla. Itachanganya zawadi, kazi ya mwanafunzi na mkopo katika safu moja. Kwa mwaka wa kwanza, mwanafunzi anayehesabiwa chini ya mzazi anaweza kukopa serikalini hadi dola 5,500, na hizo atazirudisha na riba. Chukueni gharama yote ya mwaka, chakula na malazi vikiwemo, toeni zawadi peke yake. Kinachobaki ndicho mtakacholipa, kwa mkopo au kwa jasho. Kama ni kikubwa mno, chuo cha jamii cha karibu na nyumbani kwa miaka miwili, kisha kuhamia chuo kikuu, ni njia ya heshima, na kwa wengi Pell hufunika karo yote ya huko.

Asilimia 68

*Nina 68% na ni wa pili darasani. Ndugu zangu wanaosoma Zambia wana 85 na zaidi. Nje watanidharau? Naweza kuomba Uturuki?*

Uturuki wanaangalia namba. Kwa shahada ya kwanza wanataka angalau 70%, na kwa udaktari, meno na famasia 90%. Ukiwa na 68 wewe uko chini ya mstari, tusikufiche. Usijaribu kuiongeza. Lakini wanakubali pia matokeo ya mtihani wa taifa, na kikomo cha umri ni kuwa chini ya miaka 21. Exetat ikikupa 70 au zaidi, unaweza kuomba Januari inayofuata. Kuomba ni bure, na hawadai cheti cha Kiingereza. Bursi yenyewe inalipa karo, malazi, posho ya kila mwezi, bima, tiketi, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki.

Vyuo vya Marekani husoma tofauti. Hawana mstari mmoja. Wanauliza 68 hiyo ilipatikana wapi. Buletini ya Kongo ina kitu ambacho buletini nyingi za nje hazina, nacho ni nafasi yako kati ya wanafunzi wote. "Wa 2 kati ya 41" inasema zaidi ya 68. Tatizo ni kwamba msomaji wa huko hajui kwamba kwetu 50 ni kufaulu na kwamba 70 haipatikani hovyo. Prefe amwambie, katika ukurasa mmoja wenye nembo ya shule: shule ina wanafunzi wangapi, finalisti wangapi, alama ya kufaulu ni ipi, ni wanafunzi wangapi wa darasa lako walivuka 70 mwaka jana, na shule ilifaulisha wangapi katika Exetat. Karatasi hiyo moja inatumika kwa wafinalisti wote wa shule, kwa hiyo unawasaidia na wenzako. Usibadili pointi zako mwenyewe kwenda mfumo wa Marekani. Acha 68 ibaki 68.

Majina matatu

*Kwenye buletini nina majina mawili, kwenye kadi ya mpiga kura matatu, na sijachukua pasipoti. Nitumie lipi?*

Hili limeharibu maombi mengi kuliko alama mbaya. Orodha ya wafinalisti inayotumwa kwa ajili ya Exetat ndiyo itakayozaa jina la kwenye diploma. Nenda uione kwa macho yako wakati shule inaandikisha watahiniwa, mwanzoni mwa mwaka. Kosa linalorekebishwa kwa kalamu leo litakuja kudai safari na barua nyingi baada ya diploma kuchapwa.

Anza na hati ya kuzaliwa. Kama hukuandikishwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa, utahitaji hukumu ya mahakama ndipo komini ikuandikie hati. Pasipoti ifuate hati hiyo, na diploma ifuate hati hiyo. Kwenye fomu za nje, jina la ukoo na jina ulilopewa yaandikwe kama yalivyopangwa kwenye pasipoti, hata kama mpangilio haukupendezi, na postnomu (jina linalofuata jina la ukoo) usiiache nje kwa kuwa nafasi ni ndogo. Kwa buletini za zamani zenye jina pungufu, omba shule iandike barua yenye muhuri kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na uiweke mbele ya buletini katika PDF ileile.

Dola 200

*Baba anaweza kutoa dola 200 tu kwa maombi ya Marekani, na hatuna kadi ya benki. Zinatosha?*

Zinatosha kwa kuomba, ukichagua vizuri. Kwa kuondoka hazitoshi, na hilo mlijue tangu leo.

Ada ya kuomba chuo kimoja mara nyingi ni kati ya dola 50 na 90. Usiilipe kabla ya kuuliza. Vyuo vingi havitozi kabisa, na vingine huiondoa kwa mwanafunzi wa nje anayeandika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili: jina, shule, nchi, mapato ya familia kwa mwezi, na ombi lenyewe. Andika wiki tatu kabla ya mwisho; anayeandika siku ya mwisho hajibiwi.

Fomu ya fedha kwa wanafunzi wa nje kwa kawaida ni CSS Profile. Inatoza dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, kwa hiyo vyuo vitano ni dola 89. Hapo pia uliza: vyuo vingine vinatoa msamaha au vinapokea fomu ya bure badala yake. Kulipa unaweza kutumia kadi ya kulipia kabla au ya ndugu. Jina kwenye kadi si lazima liwe lako.

Kinachobaki ni mtihani wa Kiingereza. Duolingo hufanyika nyumbani kwa takriban saa moja na ni wa bei ya chini kuliko TOEFL na IELTS, lakini umeme wa SNEL ukikatika katikati, mtihani umekatika nao. Tumia kompyuta yenye betri nzima na intaneti ya simu iliyojaribiwa saa hiyohiyo jana yake. Ukae peke yako chumbani, mlango umefungwa. Mtu akipita nyuma yako au ukitazama pembeni mara kwa mara, matokeo yanafutwa. Pasipoti ndiyo kitambulisho cha uhakika.

Kuchagua vyuo: vichache sana humpokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, na humpa msaada wote anaouhitaji. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Ni vigumu mno kuingia huko hata kwa wa kwanza wa jimbo zima, kwa hiyo kimoja au viwili vinatosha. Vingine huangalia fedha unayoomba wakati wa kuamua. Watu husikia hivyo wakaficha shida yao ili wapokelewe kwanza. Msifanye hivyo. Vyuo vingi havimpi msaada baadaye mwanafunzi wa nje ambaye hakuomba tangu mwanzo, na barua ya kupokelewa isiyo na fedha haikufikishi popote.

Ukipokelewa, ada ya SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa nje, ni dola 350 na ya viza 185, jumla 535, tena mahojiano ya viza yako Kinshasa, na safari ya kutoka Lubumbashi ni juu yako. Mwanafunzi aliyepewa msaada kamili aulize chuo kama kinaweza kusaidia gharama hizi; vingine hufanya hivyo, lakini haviandiki popote. Soma pia tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa, kwa kuwa masharti ya viza hubadilika.

Barua ya mwalimu, insha na orodha ya shughuli

*Mwalimu wangu wa fizikia hajui Kiingereza na hana barua pepe. Rafiki alinishauri nifungue anwani kwa jina lake niandike mwenyewe. Na sina shughuli yoyote ya kuandika, baada ya shule nasaidia mama katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi.*

Usifungue anwani hiyo. Vyuo huona barua ya mwalimu na fomu ya mwanafunzi vikitoka kwenye kompyuta moja, kwa lugha moja, saa moja, na mlango unafungwa bila maelezo. Mwalimu afungue anwani yake, hata kama ni wewe utakayekaa kando kumwonyesha kitufe. Aandike kwa Kifaransa. Mwalimu wa Kiingereza atafsiri, asaini tafsiri, shule itie muhuri, na zote mbili zitumwe pamoja. Vyuo vingi hukubali hivyo. Vichache hutaka mtafsiri aliyeapishwa, basi uliza kwanza.

Mwombe mwalimu asiandike tu kwamba una nidhamu na bidii. Kila barua inasema hivyo. Aandike jambo alilokuona ukifanya: tatizo gani la umeme ulilitatua ubaoni kwa njia ambayo hakuifundisha, nani ulimfundisha saa ya mapumziko.

Na soko ni shughuli. Common App ina nafasi kumi za shughuli, na mojawapo ya aina zake ni majukumu ya familia. Andika saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, na ufanyalo hasa: kupima unga, kushika daftari la madeni, kurudisha chenji kwa faranga na dola. Nafasi ya maelezo ni herufi 150 tu, kwa hiyo anza na kitenzi. Kulea wadogo zako na kuchota maji kabla ya shule pia huandikwa.

Insha ni maneno 250 hadi 650. Tunawasihi wafinalisti wetu: msiandike orodha ya mateso ya nchi. Msomaji wa huko amekwisha kuisoma. Anachotaka ni kujua wewe unafikirije, na meza moja ya soko, iliyoelezwa vizuri, inamwambia hayo kuliko vita nzima.

Mtu anayeuza bursi

*Kuna bwana mjini anadai dola 300 ili mtoto apate bursi ya Kanada. Ana picha za wanafunzi uwanja wa ndege. Tumlipe?*

Hapana, baba. Bursi za kweli hazinunuliwi. Ada halali hulipwa kwa chuo au kwa ubalozi wenyewe, kwenye tovuti yao, na risiti inatoka kwa jina la mwanafunzi. Hailipwi kwa Airtel Money au M-Pesa ya mtu. Kama mtu anafanya kazi ya kujaza fomu, huo ni utumishi na unaweza kuulipa kwa bei ya kazi, lakini asiahidi matokeo, na nywila ya barua pepe abaki nayo mtoto. EducationUSA, ofisi ya ushauri ya serikali ya Marekani, hutoa ushauri wa awali bila malipo, hata kwa mtandao.

Tukibaki hapa

*Binti yetu atasoma Kasapa, kampasi ya UNILU. Hakuna bursi. Tupange vipi fedha, na ni karatasi gani?*

Karatasi za kuomba ni nakala ya diploma au hati ya kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, hati ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, na picha za pasipoti. Andaeni seti tatu kabla ya matokeo, isipokuwa ile ya Exetat. Cheti cha afya kichukuliwe mwisho, kwa sababu kikizeeka hukataliwa. Kama anataka udaktari au polytekniki, aulize kitivo chenyewe kuhusu masharti ya kuingia, si marafiki.

Bursi si kwamba hakuna kabisa. Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi ina Excellentia kwa waliofanya vizuri kabisa katika Exetat. Matokeo yakitoka na asilimia zake ziko juu sana, fuatilieni tangazo wiki hizo hizo. Kampuni za migodi na parokia nazo husaidia wanafunzi wa maeneo yao, mara nyingi bila kutangaza mbali. Barua ya ukurasa mmoja yenye buletini ipelekwe kwa mkono.

Hesabuni miaka kwa mfumo mpya wa LMD: lisansi miaka 3, masta 2, na udaktari wa tiba zaidi ya hapo. Fedha za mwaka hulipwa kwa transhi (awamu). Mwaka wa kwanza ndio mzito, maana kuna fomu, uandikishaji, usafiri wa kila siku kwenda Kasapa au chumba cha kupanga, na silabasi (noti za kozi zinazouzwa) ambazo hazimo katika bei iliyobandikwa ukutani. Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa pili wa kitivo hicho walitumia kiasi gani hasa, kila mmoja peke yake, na mchukue jibu kubwa.

Lipeni benki, si mkononi mwa mtu anayesema atawapunguzia foleni. Bordero (risiti ya benki) ya kila transhi ipigwe nakala siku ileile, moja ikae nyumbani, na jina la binti liandikwe humo kama lilivyo kwenye kadi yake ya mwanafunzi. Wakati wa mitihani wanaotolewa nje ya chumba si wote ambao hawakulipa. Wengine walilipa, ila bordero iko kwa jina la baba.